HOMA SIYO JINA LA UGONJWA
Somo la afya: Tujifunze kazi ya mtaalamu wa maabara

Leo tutajifunza kazi ya mtu ambaye wengi wetu hatumjui vizuri. Mganga unamjua. Muuguzi unamjua. Mkunga unamjua. Lakini yuko mtu mwingine anayefanya kazi katika chumba cha ndani, mbele ya meza yenye vichupa na hadubini. Unampa damu yako, au makohozi, au choo, au mkojo. Halafu unatoka nje kungoja majibu. Mtu huyo ni mtaalamu wa maabara. Maabara ni chumba cha kupimia.

Mimi ni kijana wenu hapa Dongobesh. Nina cheti cha uganga, na kazi yangu ni kutibu watu vijijini. Mtaalamu wa maabara alinifundisha jambo kubwa. Alinifundisha baada ya mimi kukosea. Nitakueleza, ili kosa langu liwe faida yako.

MZEE ALIYEJIPA JINA LA UGONJWA

Wakati wa palizi mzee mmoja alikuja zahanati niliyokuwa nikifanya kazi. Mzee huyo ni mkulima na mfugaji. Ana ng'ombe na mbuzi. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nina malaria. Nipe dawa nirudi shambani."

Angalia maneno yake. Hakusema, "Nina homa." Alisema, "Nina malaria." Alikuwa amejipa jina la ugonjwa kabla hajafika mlangoni.

Siku hiyo vipimo vya malaria vilikuwa vimekwisha. Ningeweza kumwandikia barua aende kupimwa mahali penye maabara. Lakini njia ilikuwa ya matope. Mzee alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na foleni ya wagonjwa. Nikampa dawa ya malaria bila kumpima. Hilo lilikuwa kosa langu.

Baada ya juma moja alirudi. Homa ilishuka kidogo, kisha ikapanda tena. Usiku alitoka jasho mpaka shuka likalowana. Mgongo na magoti yalimuuma. Alikuwa amekwenda dukani kununua dawa nyingine ya malaria, akaimaliza. Homa ikabaki pale pale.

Mwezi wa pili alikuwa amekonda. Hakuweza kuinua jembe. Magugu yaliyafunika mahindi yake. Nyumbani watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Wakataka kuuza ng'ombe mmoja ili kumlipa mpiga ramli.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikaandika barua, na mimi mwenyewe nikafuatana naye kwenda kupimwa.

Mtaalamu wa maabara alikuwa mama mmoja mpole. Alisoma barua yangu, kisha akamwuliza mzee, "Baba, nyumbani mnakunywa maziwa?"

"Tunakunywa, binti yangu. Ndicho chakula chetu."

"Mnayachemsha?"

Mzee akacheka. "Maziwa ya kuchemsha hayana nguvu."

Mtaalamu hakumcheka wala hakumgombeza. Alichukua damu akaipima malaria. Hakukuwa na malaria. Akapima tena damu ile ile kwa kipimo kingine. Kipimo hicho kilionyesha dalili ya ugonjwa uitwao brusela. Wafugaji wengi huujua kwa ng'ombe, nao huuita ugonjwa wa kutupa mimba. Watu pia huupata.

Daktari alimchunguza mzee, akampa dawa za aina mbili azitumie kwa majuma 6. Alizimaliza zote. Akapona. Lakini mavuno ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha potea. Na mjukuu wake, aliyekuwa akinywa maziwa yale yale, naye alikuwa ameanza kupata homa. Ilibidi apimwe na kutibiwa pia.

Ndugu msomaji, mzee hakurogwa, wala dawa ya malaria haikuwa mbovu. Ilikuwa dawa nzuri kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

HOMA NI KAMA MBWA ANAYEBWEKA

Usiku mbwa wako akibweka, unajua kwamba kuna kitu nje. Lakini hujui ni kitu gani. Huenda ni fisi amekuja zizini. Huenda ni mwizi. Huenda ni jirani anakuja kuomba msaada. Ukitupa mshale gizani bila kuangalia, unaweza kumpiga jirani na kumwacha fisi.

Homa ni kama kubweka kwa mbwa. Inakuambia kwamba kuna adui mwilini. Haikuambii adui huyo ni nani. Malaria huleta homa. Brusela huleta homa. Homa ya papasi, homa ya matumbo, kichomi, kifua kikuu na ugonjwa wa njia ya mkojo, yote huleta homa. Hata tauni, ambayo ilizuka katika Wilaya yetu ya Mbulu mwaka 2007, huanza na homa. Kila ugonjwa una dawa yake.

Mtaalamu wa maabara ndiye anayeshika taa. Yeye humsaidia mganga kuona adui ni nani kabla ya kutupa mshale.

Usifikiri kwamba ni mimi peke yangu niliyekosea. Hata madaktari wa hospitali kubwa hukosea wakikisia. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili mjini Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro. Madaktari walidhani kwamba wagonjwa 528 kati yao wana malaria. Vipimo vya uangalifu vilipofanywa, ilionekana kwamba wagonjwa ambao homa yao ililetwa na malaria walikuwa 14 tu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2013. Soma tena hesabu hizo: waliodhaniwa 528, walioonekana 14.

Sisi wa nyanda za juu za Mbulu tuna sababu zaidi ya kupima. Huku ni baridi, na mbu wa malaria hawapendi baridi. Mkoa wetu wa Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo katika Tanzania. Hata hivyo malaria haikosekani kabisa, hasa kwa mtu aliyesafiri kwenda sehemu za joto. Na malaria huua upesi. Kwa hiyo usikae na homa nyumbani. Nenda upimwe siku hiyo hiyo.

MTAALAMU WA MAABARA ANAFANYA NINI?

Hebu tuingie pamoja katika chumba chake. Tuchukue mfano wa kupima malaria.

Kwanza, anasoma jina lako na kukuuliza tena, "Unaitwa nani?" Usikasirike kwamba jina limekwisha andikwa. Anataka damu yako isichanganywe na ya mtu mwingine.

Pili, anavaa glovu. Anasafisha kidole chako kwa dawa, anakichoma kwa kisindano kipya, na kuchukua matone machache ya damu. Kisindano hicho hutupwa. Hakitumiki kwa mtu mwingine.

Tatu, anaweka damu juu ya kipande cha kioo. Huweka tone nene na tone jembamba. Tone nene humsaidia kuona kama vijidudu vipo. Tone jembamba humsaidia kujua ni vya aina gani.

Nne, anangoja damu ikauke, kisha anaipaka rangi maalumu. Bila rangi, vijidudu havionekani vizuri. Akiharakisha kabla damu haijakauka, damu huoshwa ikatoka. Ndiyo maana unangojeshwa.

Tano, anatazama kwa hadubini. Hadubini hiyo hukuza kitu mara 1000. Anatafuta sehemu baada ya sehemu. Kabla ya kusema "hakuna vijidudu," hutazama sehemu zisizopungua 100. Macho yake huchoka na mgongo humuuma, lakini haruhusiwi kukisia. Wakati mwingine hutafuta malaria akakuta kitu kingine, kwa mfano vijidudu vyembamba vilivyojisokota, vya homa ya papasi.

Sita, anaandika majibu na kumpa mganga. Majibu ni siri yako na mganga wako. Mtaalamu haruhusiwi kuyatangaza sokoni wala kilabuni.

Katika zahanati nyingi hakuna hadubini. Huko tunatumia kipimo cha haraka cha malaria. Ni kijiti kidogo. Tunaweka tone la damu na matone ya dawa, kisha tunangoja dakika 15 hadi 20 kufuatana na aina ya kipimo. Ukitokea mstari mmoja mahali pa kuhakikishia, kipimo ni kizima na malaria haikuonekana. Ikitokea mistari miwili, malaria ipo. Mstari wa kuhakikishia usipotokea, kipimo hicho ni kibovu. Ni lazima kupima tena kwa kingine.

Kipimo cha brusela ni tofauti. Mtaalamu huchukua damu ya mshipani na kuizungusha katika mashine mpaka maji ya damu yajitenge. Maji hayo yana rangi ya manjano. Huchukua tone moja, akalichanganya na tone la dawa yenye rangi ya waridi. Maji yakibaki laini, brusela haikuonekana. Yakigandamana kama maziwa yanayokatika, kuna dalili ya brusela. Kisha daktari hulinganisha jibu hilo na hali ya mgonjwa, na akitaka huomba kipimo cha pili.

MAZIWA MABICHI NA KISA CHA MALTA

Jina la brusela limetokana na daktari mmoja Mwingereza, David Bruce. Mwaka 1887 alikiona kijidudu hiki katika kisiwa cha Malta, kilicho katika bahari ya kusini ya Ulaya. Askari wengi wa Uingereza walikuwa wakiugua huko, na wengine walikufa. Watu hawakujua ugonjwa unatoka wapi. Walidhani ni hewa mbaya.

Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi. Mbuzi wale walionekana wazima, lakini damu yao ilionyesha ugonjwa. Mwaka 1906 askari wakakatazwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi. Homa ikapungua sana kati yao. Waliokolewa na chumba cha kupimia.

Nasi tufanye hivi:

1. Chemsha maziwa mpaka yatokote kabla ya kunywa. Ukitaka mtindi, chemsha maziwa kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe.
2. Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, usishike kondo la nyuma wala kitoto kwa mikono mitupu. Vaa glovu. Ukikosa, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka. Fukia shimo refu, mbwa wasifukue. Nawa kwa sabuni.
3. Mwite mtaalamu wa mifugo. Mnyama naye ana vipimo vyake.
4. Usiwalaze watoto pamoja na mifugo, hasa wakati wa kuzaa.

Baba na mama, maziwa yaliyochemshwa yanajenga mwili wa mtoto. Mtoto anayeugua homa miezi miwili ndiye anayekosa nguvu.

"WANATUMALIZA DAMU"

Nimesikia watu wakisema, "Wale wa maabara wanatumaliza damu." Wengine husema damu inauzwa. Tufanye hesabu.

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5 mwilini. Kijiko kimoja kidogo cha chai ni mililita 5. Lita 5 ni sawa na vijiko 1000. Kwa kipimo cha kawaida cha damu ya mshipani, mtaalamu huchukua kiasi cha kijiko kimoja. Kwa hiyo umetoa kijiko 1, na mwilini vimebaki 999. Mwili hutengeneza kingine bila wewe kujua. Kipimo cha kidole hakifiki hata kijiko. Ni matone tu.

Damu iliyobaki haiuzwi. Huharibiwa kwa namna maalumu, kwa sababu inaweza kuambukiza. Kazi hii ina hatari. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikufa huko Kasongo, mashariki ya Kongo. Aliuawa na homa ya papasi, ugonjwa ule ule aliokuwa akiuchunguza. Kwa hiyo mtaalamu akikuzuia kuingia na mtoto katika chumba chake, hakudharau. Anakulinda.

KAZI YAKO WEWE

Kipimo kizuri huanza kwako. Mtaalamu hawezi kuona kitu ambacho hukumletea. Ukimletea mate badala ya makohozi, atapima mate. Jibu litasema "hakuna," na ugonjwa utaendelea kukumaliza.

Makohozi: Ukikohoa majuma 2 au zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Makohozi mazuri ni ya asubuhi mapema. Sukutua mdomo kwa maji. Simama nje, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, uteme katika kikopo ulichopewa. Funga kifuniko vizuri. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na mgonjwa akizimaliza hupona.

Choo: Tumia kikopo safi ulichopewa, siyo kibiriti wala jani la mgomba. Chukua kiasi kidogo kwa kijiti safi. Usichanganye na mkojo, maji wala udongo. Kipeleke mapema siku hiyo hiyo. Ukiona vipande vya tegu, vyeupe na bapa, mwambie mtaalamu bila aibu. Katika Wilaya ya Mbulu watafiti waliwahi kukagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21. Karibu nguruwe 17 katika kila 100 walionekana na malengelenge ya tegu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2004. Tegu huyo anaweza kuingia katika ubongo wa mtu na kumletea kifafa.

Mkojo: Kwa kichocho cha mkojo, wakati mzuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Matone ya mwisho ndiyo yenye mayai mengi.

Damu: Mwambie mtaalamu dawa ulizokwisha kunywa, hata za dukani na za miti shamba. Dawa iliyokunywewa nusu huficha vijidudu, lakini haiviui vyote.

Kisha ngoja majibu. Ukiambiwa huna malaria, usinunue dawa ya malaria njiani. Sema, "Asante. Basi nina nini?" Hilo ndilo swali zuri kuliko yote. Na ukiambiwa una malaria, maliza dawa ya mseto yote kwa siku 3, hata kama umepata nafuu siku ya kwanza.

Jihadhari. Mgonjwa akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akipumua kwa shida, au akipoteza fahamu, usingoje kupambazuke. Mpeleke kwenye matibabu mara moja.

WATOTO WETU NA KAZI HII

Huenda mtoto wako anapenda kuchunguza wadudu na majani. Mwambie kazi hii ipo. Inahitaji ajitahidi katika Baiolojia na Kemia shuleni, kisha aende chuo cha maabara. Wako wenye cheti, wenye diploma na wenye shahada. Sheria ya mwaka 2007 iliweka baraza la kuwasajili wataalamu hawa, ili asiyesomea asipime watu. Binti anaweza. Aliyemgundua mzee wetu alikuwa mwanamke.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakachimba vyoo. Nasi tuwe na kampeni yetu ndogo kila nyumba: Kwanza kipimo, kisha dawa. Mimi nimekwisha anza. Vipimo vikiisha zahanati, siandiki tena dawa kwa kukisia. Naandika barua. Nawe usiikatae barua hiyo kwa sababu ya matope.

MANENO MAPYA

Maabara: chumba cha kupimia damu, choo, mkojo au makohozi.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Wengine huita darubini.
Brusela: ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi au kwa kushika mnyama aliyetupa mimba.
Papasi: mdudu aina ya kupe anayeishi katika nyufa za nyumba na kuuma watu usiku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini dawa ya malaria haikumponya mzee?
2. Mganga alikosea wapi? Mzee naye alikosea wapi?
3. Kuna tofauti gani kati ya mate na makohozi?
4. Katika nyumba yako, nani hunywa maziwa mabichi? Mtafanya nini kuanzia kesho?
5. Mtu akiambiwa "huna malaria," aulize swali gani?

Asiyejua kusoma katika kikundi asomewe na mwenzake. Somo hili ni la wote.